Bahari Haijapoa

Kituoni
14 Mei

Dada,

Usianze kunung'unika kabla hujamaliza kusoma. Meli ya mwisho imeondoka jana bila mimi. Yule aliyekuwa aje kupokea zamu ameleta cheti cha daktari, eti mgongo. Mgongo! Ofisi ikanipigia redio ikasema nivumilie mpaka upepo wa kusi utulie, yaani mpaka Oktoba meli itakapoanza tena safari. Nikajibu sawa, nikazima redio, nikalia kidogo, nikapika wali ukaungua. Ndiyo hali.

Simu huku hazishiki, unajua, na redio ya kituo ni ya vipimo vya bahari tu, huwezi kuitumia kuuliza mtu ameamkaje. Tumebaki na boti la barafu. Linawaletea wavuvi barafu, linachukua samaki, na nahodha anatia barua zetu kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kofia yake. Zikikufikia zinanuka samaki, ndiyo sababu. Abiria hachukui. Msimu wa kusi imepigwa marufuku, tangu yale yaliyompata mwenzangu aliyenitangulia hapa kituoni. Naomba tusiyazungumze.

Baba anapumuaje? Mwambie ahadi yangu iko pale pale, nikitoka huku nakaa naye mwezi mzima, na nitamsikiliza hadithi zote za kiwanda chake cha barafu hata zile nilizokwisha kuzisikia. Mwambie pia mguu wake usiache kazi. Kila asubuhi natupa ndoo baharini, natia kipimajoto, naandika, lakini moyo hautulii mpaka nisikie mguu wa Baba unasemaje. Tumelinganisha miaka yote hii, maji ya huku na ya huko ni yale yale, na hajakosea hata mara moja. Jana nimepata nyuzi ishirini na tisa. Yeye anasemaje, kutoka moto kushuka hadi baridi: supu, maji ya kuogeshea mtoto, chai iliyosahauliwa, au mkono wa daktari?

Mdogo wako,
Kijiko


Nyumbani
29 Mei

Kijiko wewe,

Nimenung'unika tangu mstari wa kwanza, na nitaendelea. Nilikwisha kukata kitambaa cha gauni lako. Sasa kitakaa kabatini mpaka Oktoba, na ukirudi umenenepa kwa wali ulioungua usinilaumu.

Baba amekaa hapa kwenye kigoda cha wateja, ananiamrisha niandike nini. Mimi nina sare za shule zimenifika shingoni, mikono miwili, cherehani moja, na yeye anataka karani. Haya, andika, anasema: "Mwambie maji ya mtoto, tena yanaelekea kwenye supu. Mwambie bahari mwaka huu ina kiburi. Mei inaisha na haitaki kushuka." Nimemwuliza bahari inashukaje, akanicheka, akasema mimi ni mtoto wa nchi kavu niliyezaliwa kisiwani kwa bahati mbaya. Na kweli, sina habari na bahari. Ikija mlangoni nitaishonea pindo.

Anapumua kama cherehani yangu ya zamani. Inakwenda, ila unasikia kila kona yake. Asubuhi bado anateremka ufukweni na kandambili zake, anaziacha juu ya lile jiwe, anaingia mpaka magotini, anarudi akijisifu. Nimemkataza, akaniambia daktari ndiye aliyesema maji yanamsaidia miguu. Daktari yupi, hasemi.

Sasa anacheka peke yake. Amekumbuka ulivyokuwa unapima bahari kwa kijiko cha chai, ukiwa huna hata meno ya mbele, ukaja kumwambia "Baba, imejaa." Jina lilikupata siku hiyo, na leo serikali inakulipa kwa kazi ile ile.

Usipande boti lolote. Nimeandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu.

Dada yako


Nyumbani
13 Juni

Shangazi yangu,

Kaka yako ametutoka. Sijui njia nyingine ya kuliandika hilo, nimechana karatasi nyingi. Ilikuwa Jumatatu. Asubuhi aliingia baharini kama kawaida yake, akarudi ameshika kifua, akaja moja kwa moja mpaka kwenye cherehani. Nilikuwa napachika mifuko ya sare, sikuinua kichwa. Nilipoinua, alikuwa ameegemea ukuta. Tukamlaza. Daktari alifika akakuta joto la mwili limepanda, akasema ni moyo, na kabla ya alasiri ilikuwa imekwisha. Muda wote huo alikuwa anaweweseka mambo ya bahari na Kijiko, Kijiko na bahari. Tumemzika Jumatano, karibu na Mama.

Nisamehe hukupata kuja. Sasa nina jambo, na najua utanigombeza.

Kijiko sijamwambia, na sitamwambia mpaka Oktoba. Unamjua. Akisikia, atapanda hata beseni. Yule aliyemtangulia kituoni alipata habari ya msiba wa mama yake wakati kusi imechacha, akamshawishi mvuvi mmoja amvushe, na hawakufika wote wawili. Mimi nilimshonea mke wa yule mvuvi nguo nyeusi. Nilimpima mabega, pini zinanianguka mikononi. Siwezi kusimama gatini nikimsubiri mdogo wangu namna hiyo. Siwezi, Shangazi. Nimebaki naye tu.

Nimekwenda ofisini kwao, nikamwomba mkuu wake wasitamke kitu redioni. Alifikiri sana, akakubali. Nakuomba na wewe, ukimwandikia, mwandikie habari za kuku wako.

Mwanao


Ng'ambo
20 Juni

Mwanangu,

Nimelia mpaka majirani wamechoka kunifariji. Kaka yangu alinibeba mgongoni nikienda shule, na leo sina hata mgongo wa kuegemea. Mungu amlaze pema.

Hilo lako silikubali. Mtoto ana haki ya kulia kwa wakati wake. Unamwibia siku ambazo hatazipata tena. Lakini wewe ndiye uliyekuwa naye, wewe ndiye uliyemfumba macho, na mimi ni mzee niko mbali. Nitanyamaza. Nitamwandikia habari za kuku.

Ila nijibu hili, maana limeninyima raha: yule mtoto haandiki barua bila kumwuliza baba yake maji yakoje. Atakapouliza, utamjibu nini?

Shangazi yako


Kituoni
2 Julai

Baba yangu,

Leo nakuandikia wewe. Dada na asome kwa sauti, asiruke maneno, na asitie ya kwake.

Mama mwenye nyumba wangu anakusalimu. Huyu ndiye niliyekwambia, analima mwani hapo mbele ya kituo, anaongea na miche yake kama watoto. Anasema anataka kukuona huyo mzee mwenye mguu wa serikali. Nimemwambia ana foleni, mama, jiandikishe.

Upepo huku ni wa kusi kweli kweli. Mchana nimevaa sweta, usiku nalala nimejikunja, mabati yanagonga mpaka nashindwa kusikia mawazo yangu. Lakini bahari sielewi. Ulisema ina kiburi, na kweli ina kiburi. Kipimajoto kinaniambia ishirini na tisa na nusu. Julai! Kila mwaka saa hizi tuko kwenye mkono wa daktari. Nimepima asubuhi, nimepima mchana, nimebadilisha hata ndoo. Mama mwenye nyumba ananiuliza asogeze kamba za mwani kwenye kina kirefu, maana maji yakiwa moto mwani huku kwenye kina kifupi unaoza. Ni kazi ya kuua mtu, kung'oa vigingi vyote na kuvipiga upya kule kwenye mawimbi. Nimemwambia asubiri, namsubiri Baba.

Kwa hiyo nijibu upesi. Huko kwetu yamepoa au bado?

Na vipi kifua? Usiniambie "nzuri" tu. Mimi ni mpimaji, nataka kipimo.

Binti yako mdogo,
Kijiko


Nyumbani
15 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, yote, sikuruka neno.

Baba hajambo. Hana nguvu za kuniamrisha siku hizi, amelala, kwa hiyo naandika mwenyewe. Kifua kimetulia. Hakimsumbui tena.

Kuhusu maji, anasema kiburi kimeisha. Mkono wa daktari, tena daktari yule wa zamani, asiyenawa maji ya moto. Na mimi naona ni kweli, maana asubuhi hapa baridi inaingia mpaka kwenye matundu ya sindano. Nafungua duka nimejifunika shuka. Basi usihangaike na ndoo zako. Vaa sweta, kula vizuri, usikae nje kwenye upepo.

Nimekushonea gauni. Nimelipanua kiuno, najua tabia zako.

Dada yako anayekupenda sana


Kituoni
30 Julai

Dada,

"Dada yako anayekupenda sana"! Tangu lini? Umekunywa nini? Au unataka nikuletee samaki wa bure? Nimecheka, nikambandika nahodha barua usoni asome huo mstari.

Mshukuru Baba. Mzigo umenitoka kichwani. Kumbe kibovu ni kipimajoto changu! Nimeiambia ofisi kwamba chombo kina ugonjwa, wasitumie vipimo vya kituo hiki mpaka nipate kingine. Mkuu aliniuliza redioni, "Una uhakika?" Nikamwambia Baba ndiye aliyesema, nina uhakika kuliko jina langu. Akanyamaza kidogo kwa namna nisiyoielewa, kisha akasema kuna chombo cha akiba kwenye sanduku la chuma, nikitumie. Nitakifungua nikipata nafasi.

Na mama mwenye nyumba nimemwambia asisogeze kamba. Ameniuliza mara mbili, kwa sababu anasema miguu yake inamwambia mengine. Nikamjibu mama, wewe umezoea, Baba yangu miguu yake imekaa kwenye barafu miaka yote, haijawahi kudanganya. Akasema haya, baba yako ndiye mkubwa. Ameacha.

Mwambie alale, apumzike, lakini asiache kuingia majini. Nimetulia kwa sababu yake.

Kijiko


Nyumbani
12 Agosti

Mdogo wangu,

Samahani nimechelewa. Sare zimekwisha, sasa ni mashuka ya hospitali, nashona mistari iliyonyooka kutwa nzima na hilo linanifaa.

Baba anaendelea. Maji anasema baridi zaidi ya mwezi uliopita, vidole vilimfa ganzi akabidi atoke upesi. Hataki kuandikiwa mengi.

Mimi ufukweni siendi, ukitaka kujua. Kelele za mawimbi zinanitia maumivu ya kichwa. Hata dirisha la upande ule nimelifunga kwa ajili ya vumbi.

Tafadhali, Kijiko, tusiandikiane tena habari za maji. Niulize mambo mengine. Niulize mimi naendeleaje.

Dada


Kituoni
28 Agosti

Dada,

Baba yuko wapi?

Chombo cha akiba kinasema thelathini. Nilikifungua siku ile ile barua yako ilipofika, kikiwa bado na karatasi ya dukani. Nikakaa chini kwenye mchanga nikajiambia viwili vimeharibika kwa pamoja, inawezekana, chumvi hii inakula kila kitu. Nilikuwa tayari kuamini hivyo, Dada. Ndivyo nilivyomwamini Baba.

Kisha mama mwenye nyumba akanijia ameshika mwani wake. Ulikuwa mweupe, unateleza, ukiugusa unakatika. Kamba zote. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, weka chombo chini, njoo." Akanishika mkono akanipeleka majini na viatu vyangu.

Miaka yote hii natupa ndoo kutoka juu ya ngazi. Sikuwahi kuingia mwenyewe, nilikuwa na mguu wa Baba. Maji yalikuwa moto. Si vuguvugu, moto, kama ya kuoshea vyombo. Chini matumbawe yamekuwa meupe pe, yote, mpaka macho yangu yalipoishia. Mama mwenye nyumba akaniuliza taratibu, "Baba yako aliingia maji haya akasikia baridi?"

Nikajua. Nilisimama pale nikakumbuka barua zako moja moja. Amelala. Kifua hakimsumbui tena. Hataki kuandikiwa mengi. Na mkuu wangu alivyonyamaza redioni. Watu wote walikuwa wanajua, isipokuwa mimi na huyu mama maskini.

Baba hawezi kusema mkono wa daktari kwenye maji haya. Kama amesema, amekuwa mtu mwingine. Kama hajasema, umesema wewe. Na ungesema wewe kwa sababu gani, isipokuwa moja?

Niambie ni lini. Usinitungie. Nahodha anapita tena katikati ya Septemba, na mimi nimefunga begi.

Kijiko


Nyumbani
9 Septemba

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimemlipia nahodha mwenyewe asimame kwenu mapema, na nimemwapisha asikuchukue. Soma hii kabla hujakanyaga mbao.

Ni Juni, wiki ya pili, Jumatatu. Moyo. Hakuteseka sana, nilikuwa nimemshika. Amelala karibu na Mama, na nimempandia yale maua mekundu aliyokuwa akiyaita magugu. Nilikuficha mimi, mimi peke yangu, usimlaumu mkuu wako wala Shangazi, yeye alinikataza. Niliogopa boti. Nilikuona kila siku ndani ya boti, Kijiko, nikifumba macho nakuona, nikifumbua naona nguo nyeusi niliyomshonea yule mjane. Nikasema bora unichukie uko hai.

Na baridi niliitunga. Nilijua Julai ni mkono wa daktari, kila Julai ya maisha yetu ni mkono wa daktari, na upepo ulikuwa baridi, na mimi nimevaa shuka dukani. Ningejuaje kwamba bahari na upepo vinaweza kugombana? Tangu siku ile sijateremka ufukweni. Kandambili zake zilibaki juu ya lile jiwe, jirani ndiye aliyeniletea.

Sasa linakuja lile ambalo sikumwambia hata Shangazi vizuri, na ndilo linaloniua.

Asubuhi ile alipotoka majini alikuja mpaka kwenye cherehani, maji yanamdondoka, amekunja suruali. Akasema, "Mwambie Kijiko bahari haijapoa. Mwambie aandike, mwaka huu haitapoa." Nikamjibu, "Haya Baba," bila kuinua kichwa. Alipolala akarudia. Mwambie Kijiko. Joto la mwili lilikuwa limepanda, nikadhani anaweweseka, nikamfuta paji la uso nikamwambia nyamaza, pumzika. Akarudia tena. Ndiyo maneno yake ya mwisho, Kijiko. Si dua, si wasia, wala hakuniita jina langu. Alikuwa na akili yake nzima, anakutumia kipimo, na mimi nikakaa nacho. Kisha nikakuandikia kinyume chake.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba ubaki nchi kavu. Nichukie ukiwa nchi kavu.

Dada yako


Kituoni
25 Septemba

Dada,

Nilikwenda. Lazima ujue. Nilisoma barua yako nimesimama gatini, begi liko begani, nikaikunja nikamwambia nahodha nipeleke. Akasema amekula kiapo. Nikamwambia kiapo chako si changu. Yule bwana alilia, unajua? Mtu mzima, mikono imejaa magamba ya samaki. Mwishoni akasema panda, kaa ndani ya sanduku la barafu, na nikikupoteza nitamwambia nini fundi cherehani.

Nilikwisha kuweka mguu mmoja. Wimbi likalinyanyua boti juu ya gati, likalishusha, nikakuona wewe. Si kwamba niliota, nilikuona tu, umesimama na futi yako shingoni, huna wa kumpima. Nikatoa mguu. Mama mwenye nyumba akachukua begi langu akalibeba kichwani mpaka nyumbani.

Usidhani nimekusamehe. Nina hasira bado. Ulinifanya nimtanie marehemu. Ulinifanya nimwambie maiti asiache kuingia majini. Nilicheka na nahodha kwa ule mstari wako wa mapenzi, na Baba alikuwa chini ya udongo. Na mama huyu hana mwani hata wa kushika mkononi, ananipikia uji asubuhi, anasema "kula, yatima." Kama lile neno la Baba lingenifika Juni, angesogeza kamba zake. Baba alimjua mwenye shida hata bila kumjua. Alitumia pumzi yake ya mwisho kwa ajili yake.

Nimewapigia ofisi redio. Nimewaambia vipimo vyote ni sahihi, tangu Juni, mbovu nilikuwa mimi. Mkuu akasema pole, Kijiko, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu. Onyo la joto la bahari limetoka visiwa vyote jana. Wamechelewa wengi.

Meli inaanza wiki ya tatu ya Oktoba. Nitakuja na meli. Lakini kabla sijaja nataka kitu kimoja kutoka kwako, na sitaki kingine. Teremka ufukweni. Ingia wewe, kwa miguu yako. Niambie maji yakoje. Usikisie.

Kijiko


Nyumbani
10 Oktoba

Kijiko,

Nimeingia leo asubuhi.

Nilivaa kandambili zake. Ni kubwa, nimejikwaa njia nzima, na muuza maziwa amesimama kuniangalia. Nikaziacha juu ya lile jiwe. Kuna alama mbili za kandambili pale, rangi ya jiwe imekwisha, sikuwahi kuziona kwa sababu sikuwahi kwenda naye hata siku moja. Alinialika. Mimi nina kazi, Baba. Kesho, Baba.

Nilikunja gauni nikaingia mpaka vifundoni. Nikataka kutoka. Nikakumbuka alivyokuwa anasema usijibu mpaka mguu unyamaze, nikasimama. Wimbi likaja, likaenda. Nikaingia mpaka magotini, pale alipokuwa anasimama yeye.

Maji ya mtoto, Kijiko. Tena yanaelekea kwenye supu. Sijakisia. Ningeingia siku moja tu, Juni, Julai, siku yoyote, ningejua kwamba alikuwa anasema kweli, na ningejua nikuandikie nini. Yote yalikuwa hapa, mwendo wa kuvuka barabara, nami nimefunga dirisha.

Nililia humo humo majini, kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Sikuwa nimelia tangu tumzike. Nilikuwa na kazi ya kukutungia baba aliye hai, nami mwenyewe nilikuwa nimeanza kumwamini, mara nyingine nikimaliza barua naweka chai vikombe viwili. Sasa nimebaki na kimoja.

Mwambie yule mama nitamjia na kitambaa, na magoti yangu. Meli ikifika nitakuwa gatini. Ukishuka ukanipita bila kunisalimu nitakufuata nyuma nimebeba begi lako, na jioni tutakwenda kaburini kwa Baba pamoja, wewe mbele.

Kabla sijatoka majini nilisema kitu, peke yangu, kama mwehu. Nilisema, "Nimemwambia, Baba."

Dada yako